Mwenye hofu ya ndege apewe kazi

Wengi wanaokuja kuniona kwa hofu ya ndege hapa Kigoma hawana nafasi ya kuchagua. Mmoja ana rufaa ya Muhimbili, mwingine ana usaili Dar keshokutwa, mwingine amefiwa na treni haitamfikisha kabla ya maziko. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina zaidi ya kilomita 1,200, na safari yake huhesabiwa kwa siku. Ndege ni saa mbili na ushei, labda zaidi kidogo ikipitia Tabora. Kwa hiyo mtu haniulizi kama apande au asipande. Ananiuliza: hizo saa nitazimalizaje?

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na ushauri wangu hauanzi na "tulia". Mtu anayetetemeka ukimwambia atulie unamwongezea mzigo, maana sasa anaogopa ndege na anaogopa pia kushindwa kutulia. Mimi humpa kazi. Na si kazi yoyote ilimradi. Iwe kazi inayoingia mahali palepale hofu yake inapokaa.

Mwaka 1974 watafiti wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza ile kumbukumbu tunayoitumia kushika mambo ya sasa hivi, kama unapojumlisha bei sokoni bila karatasi. Walisema ina sehemu inayoshika maneno na sauti, na nyingine inayoshika picha na mahali vitu vilipo. Kila sehemu ni finyu. Ukiijaza kwa jambo moja, la pili linakosa pa kukaa. Mwaka 2009 Emily Holmes na wenzake wa Oxford walitumia jambo hilohilo: watu walioonyeshwa filamu ya matukio ya kutisha, kisha wakacheza Tetris, walirudiwa na picha za filamu ile mara chache zaidi kuliko wasiocheza. Kupanga vile vipande kunatumia sehemu ya picha, na picha mbaya nayo inaitaka sehemu hiyohiyo.

Ndiyo maana kabla ya kumshauri mtu namuuliza hofu yake inakuja kwa sura gani. Wapo wanaoona: bawa linakatika, watu wanapiga kelele, watoto wao wanapokea simu. Wapo wanaosikia maneno: "Itakuwaje kama… itakuwaje kama…", mfululizo, bila kituo. Hawa wawili nikiwapa dawa moja, mmoja nimemdanganya.

Anayeona picha anahitaji kazi ya macho na mpangilio. Mchezo wa kupanga vipande kwenye simu unamfaa, drafti inamfaa, na bao la simu linamfaa sana ukiwa mtu wa kuhesabu kete mbele. Apakue mchezo usiohitaji intaneti akiwa bado nyumbani, acheze siku mbili tatu mpaka auzoee, kisha simu iwekwe hali ya ndegeni anapoambiwa. Kuchora pia kunafaa: chora ramani ya nyumba uliyokulia, chumba kwa chumba, mlango ulipo, kitanda kilipo, mwembe ulipo.

Anayesikia maneno anahitaji kazi ya maneno, na iwe ngumu kiasi. Chemshabongo la gazeti ni zuri. Zuri zaidi kwa watu wa huku ni reli yenyewe. Nawaambia wataje stesheni kutoka Kigoma: Uvinza, Kaliua, Urambo, Usoke, Tabora, Itigi, Manyoni, Bahi, Dodoma, Gulwe, Kilosa, Morogoro, Ngerengere, Ruvu, Dar. Hapo bado ni rahisi, kwani ulimi unateleza wenyewe na hofu inapata upenyo. Sasa zitaje kinyumenyume. Kisha kinyumenyume ukiruka moja. Ukipotea, anza upya kutoka Dar. Anayefanya hivyo kwa dhati hana pa kuweka "itakuwaje kama".

Muziki na filamu navipenda, lakini kwa hofu kubwa havitoshi. Unaweza kutazama filamu nzima huku kichwa kiko kwenye injini, kwa sababu filamu haikudai chochote. Kama lazima usikilize, sikiliza hotuba, mawaidha au hadithi, kisha kila baada ya dakika chache andika kwa sentensi moja kilichosemwa.

Kuna mama mmoja mtu mzima aliniambia, "Mwanangu, macho yangu hayasomi tena, na hiyo michezo ya simu siijui. Nitafanya nini huko juu?" Nikamuuliza, "Mama, ukili unasuka?" Akacheka. "Nimesuka tangu sijavunja ungo." Basi akabeba chane za ukindu, zilizolowekwa kidogo na kufungwa kwenye kitambaa, akasuka mpaka Dar. Nimewashauri wengi hivyo tangu hapo. Kusuka kunashika vidole, kunashika macho, kuna hesabu yake, na hakuhitaji meza ya kiti, ambayo wakati wa kuruka na kutua hufungwa. Hakuna chuma wala ncha ya kumsumbua mkaguzi. Mwenye kufuma kwa sindano aulize kwanza uwanjani kabla hajaipakia kwenye begi la mkononi.

Njia hii ya kwetu imezoea ndege za pangaboi aina ya Dash 8 Q400, na hapo nina kazi ya pekee ninayowapa abiria: daftari la milio. Hofu nyingi ya ndani ya ndege inazaliwa na sauti isiyojulikana, kwa hiyo tunaziandika mapema, kisha abiria anaweka alama ya vema kila anaposikia moja. Kwanza, muungurumo wa nguvu zote ndege inapokimbia. Pili, kishindo cha magurudumu kuingia. Mabawa ya ndege hii yako juu na magurudumu yanakunjwa nyuma ya injini, kwa hiyo ukikaa usawa wa bawa utayaona kwa macho yako yakipanda na milango ikifunga. Tatu, na hii ndiyo inayowaua watu roho, muda mfupi baada ya kuruka mlio unashuka ghafla. Abiria anadhani injini inazima. Rubani amepunguza tu mzunguko wa pangaboi, kutoka mizunguko 1,020 kwa dakika ya kurukia hadi 900 ya kupandia, na baadaye 850 ya kusafiria. Mlio huo unapaswa kushuka. Ukiusikia, weka vema. Nne, mvumo wa vibao vya nyuma ya bawa vikitolewa au kurudishwa. Tano, magurudumu yakitoka tena karibu na kutua. Mtu aliyekuwa akishtuka kwa kila sauti sasa anaisubiri, na akiikosa anaitafuta.

Mtikisiko nao una kazi yake. Jua likishawaka, ardhi inapata joto na hewa ya moto inapanda. Ndege ikipita inarushwarushwa. Ndiyo maana ukiwa na hiari, chukua ndege ya asubuhi. Bawa linalochezacheza limetengenezwa licheze, na kanuni za usalama zinadai libebe mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa linaotarajiwa kukutana nao angani. Wanaoumia kwenye mtikisiko kwa kawaida ni wale wasiofunga mkanda. Kwa hiyo kaza mkanda, halafu chukua kalamu kwa mkono usiouzoea, uandike jina lako kamili mstari kwa mstari mpaka ndege itulie. Mkono wa kushoto kwa mtu wa kulia unadai umakini wote.

Mwili nao usisahauliwe. Ukipumua haraka haraka unatoa hewa ya kaboni dioksidi kupita kiasi, ndipo vidole na midomo vinapata ganzi, kichwa kinazunguka, na mtu anaamini anakufa. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Kutoa pumzi kwa kirefu kunapunguza mapigo ya moyo. Mwenye tasbihi au rozari ana chombo tayari mkononi: pumzi moja, punje moja, kwa maneno ya dini yake. Wazee wa Ujiji hawakuhitaji mimi niwafundishe hili.

Ukikaa dirishani, jipe kazi ya kutambua nchi. Ukitoka Dar kushoto tafuta milima ya Uluguru, halafu ukame wa Dodoma, halafu misitu ya miombo isiyokwisha. Baada ya Tabora tafuta maji yaliyotapakaa ya Malagarasi, eneo oevu la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Kisha Ziwa Tanganyika lijitokeze, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Wengine kutazama chini kunawazidishia. Hao wakae kiti cha njiani wasijilazimishe.

Mwenye mtoto au mwenzake ategeane naye vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Atakayeshindwa atoe mji. Mtoto anayeona mzazi wake anafikiri jibu haoni hofu usoni pake.

Sasa pombe na dawa. Bia mbili za uwanjani zinakuacha mlegevu bila kukufunza lolote. Kuhusu dawa za kutuliza, Frank Wilhelm na Walton Roth wa Marekani walichapisha mwaka 1997 utafiti kuhusu wanawake wenye hofu ya ndege: waliopewa alprazolam walijisikia nafuu kwenye safari ya kwanza, lakini kwenye ya pili, bila dawa, walipatwa na taharuki kuliko wenzao ambao hawakuwa wamepewa. Ubongo haukuwa umejifunza kwamba safari ilikwenda salama. Daktari wako akikuandikia dawa, mfuate yeye. Usiazime kidonge cha jirani.

Jambo hilohilo nalizingatia hata kwenye kazi hizi. Mara mbili tatu katikati ya safari, weka ukili au simu chini kwa dakika moja. Tazama ndani ya ndege, sikiliza, pima hofu yako kutoka sifuri hadi kumi, andika namba na saa. Kisha rudi kazini. Bila kituo hicho unaweza kufika Dar ukidhani ni mchezo wa simu uliokuokoa, na siku simu ikiisha chaji umerudi ulikoanzia. Mwenye namba zilizoandikwa huziona zikishuka, na mimi akija baada ya safari huwa naomba kwanza kile kikaratasi.

Kama hofu imekufanya uahirishe matibabu au kukataa kazi, usisubiri tiketi ndipo uje. Tunahitaji wiki kadhaa: kwanza kwenda uwanjani kutazama ndege zikiruka na kutua, kisha kusikiliza milio yake iliyorekodiwa ukiwa umefunga macho kitini, kisha safari fupi, na kwa wa Kigoma hiyo huwa ni Tabora.