Jina Jimin: dhana potofu tunazolishana na ukweli wake

Ukiingia kwenye grupu lolote la mashabiki wa BTS, lile kundi la muziki la Korea Kusini, liwe la Nairobi au la Dar, hukosi kukuta mtu kaposti kale kajedwali chenye majina ya wale vijana saba na "maana" zake pembeni, Jimin maana yake hivi, Jungkook maana yake vile, na watu wanameza tu kama ilivyo, wengine wanaweka kwenye bio, na wapo wanaoapa kabisa kwamba mtoto wao wa kwanza ndo jina lake hilo. Mtoto wako mpe jina ulipendalo, sina ugomvi na hilo. Ila hili jina Jimin limebebeshwa mambo kibao ambayo siyo, na mengi yanatoka kwa watu kuchukulia kwamba Wakorea wanatoa majina kama tunavyotoa sisi.

"Jimin maana yake ni hekima"

Hii ndo kubwa kuliko zote, na ndo inazaa nyingine. Jimin kama sauti halina maana moja. Ni silabi mbili, ji na min, na Mkorea wa kawaida jina lake lina sura mbili za maandishi: kuna Hangul, zile herufi alizotunga mfalme Sejong mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, halafu kuna hanja, herufi zenye asili ya China ambazo kila moja inabeba maana yake. Kwa Hangul kila Jimin duniani anaandikwa sawa, 지민, kwisha habari. Maana iko kwenye hanja, na hanja ya mtu huioni kwenye jukwaa wala kwenye jalada la albamu, mara nyingi hata marafiki zake hawaijui mpaka wamuulize.

Sasa angalia. Silabi ji peke yake ina hanja makumi: 智 ni hekima, 志 ni nia au azma, 知 ni kujua, 枝 ni tawi la mti, na bado zipo. Min nayo ina 敏 ambayo ni wepesi wa akili, 民 ambayo ni watu, wananchi, 旻 ambayo ni mbingu, hasa ile anga ya msimu wa majani kupukutika, 珉 ambayo ni jiwe zuri linalokaribia jade, na 旼 ambayo ni upole. Chukua moja ya huku uunganishe na moja ya kule, unapata michanganyiko mamia, yote inasomwa Jimin. Park Jimin wa BTS, mzaliwa wa Busan mwaka 1995, anaandikwa 智旻, kwa hiyo wazazi wake waliweka hekima na mbingu. Mwigizaji Han Ji-min, yule dada wa tamthilia, anaandikwa 志旼, nia na upole. Ukiwaita barabarani wote wanageuka, lakini maana zao hazikutani hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo anayekwambia Jimin ni hekima amekupa nusu ya jina la mtu mmoja.

Na usidhani mzazi anaokota hanja yoyote anayoikuta kwenye kamusi. Korea Kusini ina orodha rasmi ya hanja zinazoruhusiwa kwenye majina, inasimamiwa na Mahakama ya Juu tangu 1991, na imekuwa ikiongezwa mara kwa mara mpaka toka 2015 zimepita 8,000. Ukileta herufi iliyo nje ya orodha, mtoto ataandikishwa kwa Hangul tu. Sheria inabana hata urefu, jina la kupewa lisizidi silabi tano.

Nadhani kinachowachanganya watu ni kwamba yapo majina ya Kikorea yenye maana moja ya wazi, yale yanayotokana na maneno ya Kikorea chenyewe bila hanja. Haneul ni anga, Sarang ni upendo, Areum ni uzuri, Iseul ni umande, Seulgi ni busara, kama yule Seulgi wa kundi la waimbaji Red Velvet. Hayo ukiuliza maana unajibiwa papo hapo. Jimin haliko kwenye kundi hilo.

"Ni jina la kiume" (au "ni la kike", inategemea unabishana na nani)

Wa BTS ni mwanaume. Han Ji-min ni mwanamke. Karina wa kundi la muziki aespa, jina lake halisi ni Yu Ji-min, mwanamke. Shin Ji-min aliyekuwa kundi la AOA, mwanamke. Yaani ni jina la wote, na ukiangalia miaka ya karibuni wasichana ndo wanalibeba zaidi. Mtu akikuandikia barua pepe kutoka Seoul kwa jina Kim Jimin huna namna ya kujua ni bwana au bibi. Kwenye kitambulisho chao jinsia inajulikana kwa namba, ile tarakimu ya saba ya namba ya uraia, 1 au 2 kwa waliozaliwa kabla ya 2000, 3 au 4 kwa waliozaliwa kuanzia 2000, jina halihusiki.

Wapo wanaosema unaweza kujua jinsia kwa hanja, kwamba fulani ni za kike. Kidogo kuna ukweli, hanja za maua au uzuri wanapewa zaidi mabinti, lakini hekima na mbingu anapewa yeyote.

"Limepata umaarufu kwa sababu ya BTS"

Hapana, na hili linapimika. BTS walianza rasmi Juni 2013. Mwaka 2008, miaka mitano kabla, Jimin lilikuwa tayari ndani ya majina kumi yanayoongoza kwa watoto wa kike waliozaliwa Korea Kusini. Kijana wetu mwenyewe alipewa 1995, wakati hakuna aliyekuwa anaijua BTS. Tena kama ungekuwa unatafuta jina linaloongoza kwa wavulana, zama hizo za katikati ya miaka ya 2000 lilikuwa Min-jun, na kwa wasichana Seo-yeon.

Majina ya Korea yana msimu, na hapa pananoga. Ukimtajia Mkorea jina tu, bila picha, anaweza kukisia umri wa mtu na akapatia kwa karibu. Young-ja? Huyo bibi. Miaka ya 1940, Korea ikiwa bado chini ya ukoloni wa Japani na baadaye kidogo, majina ya kike yanayoishia na -ja yalijaa kila nyumba, Young-ja, Soon-ja, Myung-ja, sababu ile -ja ni hanja 子, ile ile ambayo Wajapani wanaisoma -ko kwenye majina yao ya kike. Ukoloni ulipoisha mwaka 1945 majina hayo hayakufutika siku hiyo, ila taratibu yakaanza kunuka ukoloni na kisha yakaanza kunuka uzee. Miaka ya 1950 ikawa Young-sook, ya 1960 Mi-kyung, ya 1970 Ji-young, mwisho wa miaka ya 1980 Ji-hye. Upande wa wanaume Young-soo ni mzee, Ji-hoon ni jina la waliozaliwa miaka ya 80 mpaka mwanzo wa 90 (Rain, yule mwimbaji, anaitwa Jung Ji-hoon, alizaliwa 1982, limemkaa sawasawa). Jimin linaangukia kwa watu wa miaka ya 90 na 2000, kwa hiyo waandishi wa tamthilia wakitaka bibi wa miaka 80 hawamwiti Jimin, mtazamaji wa kule angecheka.

"Jimin ni jina la ukoo", na ndugu yake, "Park maana yake bustani"

Ukoo unatangulia. Park ni ukoo, Jimin ni jina la kupewa. Sisi tumezoea Juma Hamisi, jina lako kwanza la baba baadaye, kwa hiyo tunageuza bila kujua na tunaanza kumwita mtu "Bwana Jimin" tukidhani tumempa heshima.

Na Park halina uhusiano wowote na bustani ya kupumzikia. Kwa Kikorea ni 박, sauti ya kwanza iko katikati ya p na b, na hakuna r kabisa, ile r iliingizwa tu kwenye tahajia ili msomaji wa Kiingereza avute a. Hekaya yao inasema Hyeokgeose, aliyeanzisha ufalme wa Silla mwaka 57 kabla ya Kristo, alitoka kwenye yai kubwa lenye umbo la kibuyu, na kibuyu kwa Kikorea ni bak, ndo wakampa ukoo huo. Ni hekaya, ila akina Park wenyewe wanajihesabu kutoka kwake.

Koo za Korea ni chache mno ukilinganisha na watu. Kim, Lee na Park peke yao wanakaribia asilimia 45 ya watu wote. Na watu wa tabaka la chini zamani hawakuwa na ukoo wa kuandikishwa, mfumo wa matabaka ulifutwa 1894, na sheria ya usajili ya 1909 ndo ikafanya kila mtu awe na ukoo, na wengi wakachukua zile koo kubwa zenye sifa. Halafu mwanamke akiolewa habadilishi ukoo wake, anabaki nao mpaka kufa, kwa hiyo kwenye tamthilia ukiona mama ni Lee na watoto ni Park usitafute siri ya familia, ndo kawaida.

"Ji ni jina la kwanza, Min la kati"

Wakorea hawana jina la kati. Jimin, Ji-min, ni lile lile, kanuni rasmi ya 2000 inataka yaungane na kistari kinaruhusiwa. Fomu za mashirika ya nje ndo zinalikata vipande viwili. Kwenye vitabu vya zamani unaweza kukutana na Chi-min, hapo mfumo wa tahajia tu ndo tofauti.

"Jimin-ah, Jimin-ssi na Jiminie ni majina yake mengine"

Hivi ni viambishi vya kumwita mtu. Jimin-ah ni kwa mtu wa rika lako au mdogo wako mliyezoeana, na inakuwa -ah sababu jina linaishia na konsonanti, likiishia na vokali inakuwa -ya, ndo maana ndani ya BTS Suga, ambaye jina lake halisi ni Yoongi, anaitwa Yoongi-ya na Taehyung anaitwa Taehyung-ah. Ssi ni heshima ya kiasi, Jimin-ssi au Park Jimin-ssi sawa, lakini ukimwita mtu "Park-ssi" kwa ukoo peke yake unamshusha. Mkubwa wako humwiti kwa jina tupu, unamwita kwa udugu, kaka ni hyung ukiwa mwanaume au oppa ukiwa mwanamke, na kama ana watoto anaitwa kwa jina la mtoto, Jimin eomma, Mama Jimin kama Mama Asha wa mtaani kwetu. Hapo tuko pamoja nao bila hata kuhadithiwa.

"Labda alipewa jina la babu yake"

Hapa sasa tunaachana. Kwetu kumrudisha babu au bibi kupitia mtoto ni baraka, kule ni utovu wa adabu, jina la mkubwa haliguswi. Mkorea akiulizwa jina la baba yake anatakiwa alitaje silabi moja moja akiongeza neno ja, yaani "herufi fulani, herufi fulani", asilitamke kama anamwita mwenzake. Babu anaweza kuchagua jina la mjukuu, hilo ndiyo, ila hampi la kwake.

Kinachorithiwa kwenye familia nyingi za kimila ni silabi ya kizazi, dolrimja: ndugu na mabinamu wa kiume wa kizazi kimoja wanachangia silabi moja. Kama silabi ya kizazi ni min utakuta Jimin, Sumin, Kyungmin kwenye ukoo mmoja. Koo nyingi zilipanga silabi hizi mapema, zikifuatana kwa mzunguko wa vitu vitano, mti, moto, udongo, chuma na maji, herufi ya baba ina alama ya mti, ya mtoto ina alama ya moto. Siku hizi wazazi wengi wanaruka utaratibu huo. Wengine wanaenda jakmyeongso, ofisi za wataalamu wa majina, ambao wanapiga hesabu kwa mwaka, mwezi, siku na saa aliyozaliwa mtoto, wanahesabu mpaka michoro ya kalamu kwenye kila hanja, na unalipa. Kwa hiyo Jimin wawili wa darasa moja, mmoja jina lake limepigiwa hesabu za nyota na mwenzake mama yake alipenda tu linavyosikika.

"Jina lako la Kikorea linatokana na tarehe yako ya kuzaliwa"

Kale kajedwali kengine, eti tarakimu ya mwisho ya mwaka inakupa ukoo, mwezi unakupa silabi ya kwanza na tarehe inakupa ya pili. Hakuna Mkorea aliyepewa jina hivyo. Ni mchezo, cheza, ila kwanza muulize Mkorea kabla hujalichapisha kwenye fulana, sababu vile vijedwali vinachanganya silabi za kila zama, na binti wa miaka 17 wa Mombasa anaweza kujikuta anatembea mjini akiitwa Soon-ja.