"Bado mdogo, haelewi": Maswali ya familia za wanajeshi kuhusu mzazi mwenye maradhi ya akili

Maswali haya yanatoka kwa wenza wa wanajeshi, na la mwisho ni la mwanajeshi mwenyewe. Yanahusu watoto wa chini ya miaka saba.

Mwanangu ana miaka mitatu. Kweli anaweza kujua kwamba baba yake anaumwa?

Jina la ugonjwa halijui. Anachokijua ni baba mwenyewe: hatua zake mlangoni, sauti yake akiitwa, namna anavyoweka kikombe mezani. Hata mtoto wa miezi michache husoma uso. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha wakaushe uso kwa muda mfupi, wasitabasamu wala kuitikia. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele za kumwita mama. Walipokosa jibu, waligeuzia uso pembeni. Mzazi mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, anaweza kukaa na uso wa namna hiyo kwa wiki nzima, na wala hajakusudia.

Kwa hiyo mtoto ameshaona, ila hajapewa maelezo. Hapo hujitungia yake, na kwa umri huo maelezo yaliyo karibu ni yeye mwenyewe: baba amekasirika kwa sababu nilimwaga maji, mama analia kwa sababu sikulala. Ukimwachia kimya, unamwachia lawama.

Hasa ni maradhi gani tunayozungumzia?

Si moja. Kuna sonona, kuna wasiwasi uliopitiliza, kuna ulevi unaoanza kama dawa ya usingizi, na kuna kiwewe kinachobaki baada ya matukio ya kutisha. Madaktari walikiona zamani. Mwaka 1915 Charles Myers, daktari Mwingereza, aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu askari watatu waliopoteza kumbukumbu na hata uwezo wa kuona, kunusa na kuonja baada ya makombora kulipuka karibu nao. Lakini ni mwaka 1980 tu ambapo kiwewe hicho kiliingizwa rasmi katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani.

Dalili zikizidi mwezi mmoja, ni suala la daktari: jinamizi, kumbukumbu zinazomvamia mchana kweupe, kukwepa watu na mahali, kushtuka kwa kitu kidogo, hasira za karibu. Lindoni, masikio yanayonasa kila mlio huokoa maisha. Tatizo ni kwamba masikio hayo yanarudi naye nyumbani, penye watoto wanaoangusha vitu. Tiba ipo, ya mazungumzo na mtaalamu na ya dawa. Dawa nyingi za aina hii huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, kwa hiyo msikate tamaa siku ya kumi.

Nimwambie nini mtoto, kwa maneno gani?

Maneno machache, ya kweli, na yaleyale kila mara. Kwa mfano: "Baba anaumwa. Si kidonda cha kuonekana. Ni ugonjwa unaomfanya ashtuke na akasirike haraka. Si wewe uliyeuleta. Daktari anamsaidia, na mimi nipo." Mtoto wa miaka minne atauliza tena kesho, na kesho kutwa. Hajasahau, anahakikisha tu kama jibu bado ni lile. Mpe lilelile.

Habari za vitani zibaki kwa watu wazima. Usimwahidi pia kwamba baba atapona wiki ijayo. Akiuliza, "Atapona lini?" mjibu, "Sijui siku, ila anatibiwa." Watoto hustahimili "sijui" kuliko ahadi iliyovunjika. Na kama mzazi atalazwa, mtoto aambiwe kabla, aage. Kumtoroka akiwa usingizini ili asilie humfundisha kwamba watu hutoweka ukifumba macho.

Kuna sentensi moja ninayokuomba uiache kabisa, ingawa hutoka mdomoni kwa nia njema: "Nyamaza, unajua baba yako anaumwa." Ukiisema, umemweka mtoto lindo. Sasa afya ya baba iko juu ya sauti yake, na siku baba atakapolipuka, mtoto atajua ni nani aliyefanya kosa. Sema badala yake, "Baba anahitaji utulivu sasa, twende tukacheze kule." Kisha nenda naye, mpige kelele huko mpaka mchoke.

Juzi mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni. Mume wangu alijitupa sakafuni, akainuka, akamfokea mtoto mpaka akajikojolea. Tangu hapo mtoto anatembea kwa ncha za vidole. Nifanyeje?

Pole, mama. Kuna mambo mawili hapa, la siku ile na la siku zinazofuata.

Siku ile, mbebe kwanza, umwondoe, umbadilishe nguo bila kusema neno lolote kuhusu mkojo. Baba akishatulia, hata ikiwa ni saa tatu baadaye, yeye mwenyewe amwendee mtoto. Apige magoti, macho yawe usawa mmoja, akiwa hatua mbili mbali naye. Aseme, "Nilisikia kishindo nikaogopa, nikakufokea. Hukukosea. Nisamehe." Basi. Asimlazimishe kumkumbatia, wala asimwulize, "Umenisamehe?" Akitaka kukumbatiwa atakuja. Asipokuja, baba akae pale sakafuni kidogo, kisha aondoke taratibu. Akina baba wengi huruka hatua hii kwa aibu, wakaleta zawadi. Zawadi haimwambii mtoto kwamba hakukosea.

Siku zinazofuata, ncha za vidole ndizo za kuangalia. Mtoto aliyekuwa anakimbia na sasa ananyata anajaribu kuilinda nyumba nzima. Mrudishie kelele zake: wakati maalumu wa kuruka, kuimba na kugonga makopo, baba akiwa na taarifa au akiwa nje. Na mtoto asitumwe kamwe kumwamsha mzazi mwenye kiwewe. Mtu mzima ndiye amwamshe, akimwita jina kutoka mlangoni, bila kumgusa.

Mtoto alishaacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena. Ananyonya kidole na haniachi hata chooni.

Kurudi nyuma hivyo ni kawaida mtoto anapoelemewa. Usimchape, usimwaibishe. Kula, kuoga na kulala kwa saa zilezile humsaidia kuliko maneno mengi. Akicheza mchezo wa vita au wa hospitali, mwache, ndivyo anavyofikiri. Ila mchezo ukiwa uleule wa kutisha kila siku na haumpi nafuu, au akiacha kula, kulala au kuzungumza, au hali ikipita mwezi, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto. Watoto wadogo nao huugua kiwewe: mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2013 una vigezo maalumu vya walio na miaka sita au chini ya hapo.

Na nikiogopa kwamba ataumiza mtu?

Ondoka na watoto kwanza, mazungumzo baadaye. Ugonjwa unaeleza hasira, hauruhusu kipigo. Silaha iwekwe mbali, imefungwa, risasi zikae kwingine. Na akisema amechoka kuishi, au kwamba mngekuwa salama bila yeye, usiyachukulie kama maneno ya hasira. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mimi ndiye mwanajeshi. Nimerudi, mwanangu ananikimbilia, nami sihisi kitu. Mimi ni mama wa namna gani?

Mama mgonjwa, dada yangu. Ganzi hiyo ya moyo ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Mweleze daktari kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, usiyapunguze.

Wakati matibabu yanaendelea, usingoje hisia zirudi ndipo ukae naye. Chagua dakika kumi kila siku, saa ileile, kabla uchovu haujakuelemea. Zima simu, keti sakafuni. Usimfundishe kitu, usimwongoze. Yeye akipanga vijiti, mpe kijiti kinachofuata. Akisema hili ni gari, ni gari. Siku ambayo kumi ni nyingi, kaa tatu, umwambie, "Leo tatu, mama amechoka, kesho tena," na kesho ukae.