Maana ya upatanifu wa kadi ya grafiki na kompyuta ya zamani

Kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachotengeneza picha za skrini, kuingia kwenye sloti, nafasi ya kuichomekea ndani ya kompyuta, si sawa na kompyuta kuikubali. Upatanifu wa viwili hivyo ni hali ya kadi kupata mahali pa kukaa, umeme wa kuitosha na mfumo wa kuitambua, vyote kwa pamoja, na kuukagua ni kuyahakikisha hayo kabla pesa haijatoka mfukoni.

Tuchukue Dell OptiPlex 7010 iliyotoka mwaka 2012, kompyuta ya maofisini ya aina ambayo mara nyingi huishia katika maduka ya vifaa vilivyotumika, Dar es Salaam na Nairobi zikiwemo. Sloti yake ni PCI Express x16, kiwango cha kuunganishia kadi, na kwa kuwa vizazi vya PCI Express hupokeana, kadi mpya zaidi hufanya kazi humo, ila kwa kasi ya sloti yenyewe. Ndiyo maana sloti, ambayo wanunuzi wengi huiulizia kwanza, ni nadra kuwa kikwazo.

Umbo la kasha lina uzito zaidi. 7010 ilitengenezwa kwa kasha la mnara na pia kwa makasha madogo ambayo hayawezi kupokea kadi ya kimo cha kawaida, yenye bamba la nyuma la takriban sentimita 12; kasha dogo huhitaji kadi ya kimo kifupi (low profile), yenye bamba la takriban sentimita 8. Fungua mfuniko, chukua rula, upime pia urefu kutoka ukuta wa nyuma hadi kwenye kizimba cha diski, kisha utazame kama feni za kadi zitafunika sloti ya jirani.

Jambo zito kuliko yote ni umeme, na jibu lake limeandikwa kwenye lebo ya pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Ya mnara wa 7010 ina wati 275, na ya kasha dogo ina wati 240. Katika lebo hiyo usiridhike na jumla, bali tafuta safu ya volti 12, uzidishe ampea zake kwa 12, kwa sababu kadi ya grafiki hula karibu umeme wake wote kutoka hapo: ampea 16, kwa mfano, ni wati 192. Sloti hutoa wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi huongezewa kwa kebo ya pini 6, yenye wati nyingine 75, au ya pini 8, yenye wati 150. Kadi ya GeForce GTX 1050 Ti ina kiwango cha wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji kebo ya ziada. Ukijumlisha na prosesa ya Core i5-3470 yenye wati 77, unapata wati 152, na mnara huo unabakiwa na nafasi ya diski na feni. Kadi ya RTX 3060 yenye wati 170 haina mahali hapo. Wapo wanaouza kebo ya kugeuza plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, kuwa pini 6, lakini plagi hiyo imekadiriwa kubeba wati 54 tu kwenye volti 12, na kuitwisha mzigo wa 75 ni kukaribisha plastiki kuyeyuka. Mashine haistahili kuhatarishwa hivyo.

Kwa upande wa mfumo, sasisha BIOS kwanza, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, na uziepuke kadi za Intel Arc, kwa kuwa hupoteza kasi nyingi pasipo Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, ambao kompyuta za umri huu hazikuja nao. Prosesa dhaifu haizuii kadi kuwaka, ingawa huipunguzia manufaa katika michezo.

Hatimaye, geuza skrini yako utazame tundu lake la nyuma. Kama ni VGA peke yake, tundu la zamani la ishara ya analogi, 1050 Ti haitoi ishara hiyo, na kebo ya kawaida haitasaidia. Utahitaji kigeuzi chenye saketi ndani yake cha kutoka HDMI au DisplayPort kwenda VGA, na bei yake iingie kwenye hesabu ya kadi tangu mwanzo.