Garantii kuisha sio kwamba kampuni haikuhusu tena

Jana tena. Mwalimu mmoja kaja na daladala toka Uyole, laptopu kaifunga kwenye kitenge, ananiambia fundi niuzie tu spea, garantii iliisha mwaka juzi kampuni hainihusu tena. Hii kauli hapa Mwanjelwa, Mbeya, nimeisikia mpaka nimechoka.

Sikieni. Garantii ni muda ambao kampuni imekubali kukuhudumia bila kubishana sana, ila kosa la kiwandani haliangalii kalenda. MacBook Pro za 2011, laptopu za Apple, garantii ilikuwa mwaka mmoja, chipu za grafiki (zinazotoa picha kwenye skrini) zikaanza kufa watu washatoa hela zao kwa mafundi, wakalalamika, wengine wakaenda mahakamani, Februari 2015 Apple wakakubali kutengeneza bure na waliokuwa wameshalipa wakarudishiwa. Juzijuzi tu 2024 Intel nao, prosesa zao (ubongo wa kompyuta) za desktopu za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinapelekewa volti kubwa kupita kiasi zinachoka mapema, wakaongeza garantii miaka miwili juu ya ile mitatu. Hapo sio huruma jamani, ni wateja walipiga kelele wengi kwa wakati mmoja. Na kwa maoni yangu ndo haki yenyewe, ukitengeneza kibovu kibebe mwenyewe.

Sasa kabla hujanunua spea geuza mashine, soma siriali namba, ingiza kwenye tovuti ya kampuni, bando la mia tano linatosha. Na usikubali fundi aichome bodi kwa hita kwanza! Mashine itarudi kufanya kazi, wiki tatu imekufa tena, afu ushahidi wote umeshaharibiwa (zamani na mimi nilichoma nyingi tu, nakiri).

Ila kuna na wale wa upande wa pili, kila kitu kampuni ibadilishe. Umemwagia chai, au radi ya Tukuyu imepita na adapta, hapo unadai nini? Diski ya miaka saba nayo ni uchakavu tu. Na eti ukibadilishiwa diski data zako zinarudi, hazirudi, unapewa diski tupu. Garantii ya miezi mitatu ya dukani kwa mtumba ni ya muuzaji, kampuni haiijui.

Ya mwalimu tuliingiza namba palepale. Betri yake ilikuwa kwenye orodha ya kubadilishwa bure, ila muda wa kuomba umefungwa miezi minne iliyopita, na mashine ilikaa kabatini karibu mwaka mzima.