Je, wajua? Neno la Kiingereza lenye maana nyingi zaidi, na kwa nini jibu langu la miaka yote lilikuwa bovu

Kwa miaka mingi mtu akiuliza neno gani la Kiingereza lina maana nyingi kuliko yote nilikuwa najibu "set" bila hata kumeza mate, na nikaona raha kabisa kuwasahihisha wengine. Kumbe nilishapitwa zamani.

Sikuwa mwongo lakini. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, kitenzi "set" kilikuwa na maana kama 430 na maelezo yake yalifika maneno 60,000 hivi, yaani riwaya nzima kuhusu kitenzi cha herufi tatu. Shida ni kwamba toleo lile kwa sehemu kubwa lilikuwa ni lile la kwanza (lilitoka vipande vipande 1884 hadi 1928) likaunganishwa na nyongeza zake. Wahariri walipoanza kulipitia upya hawakuanza na A, walianza na M! Basi mwaka 2000 "make" ikampita "set", 2007 ikaja "put", halafu 2011 "run" ikazipiga bao zote kwa maana 645. Angalia herufi zinavyofuatana: M, P, R. S zamu yake ilikuwa bado. Kwa hiyo ushindi wenyewe una walakini, ni kama kumpima mtoto wa jirani leo halafu umlinganishe na wako kwa kutumia kadi ya kliniki ya zamani.

(Halafu "set" ya kuweka ni sawasawa na "ketisha" yetu, imetokana na "sit" kama ketisha ilivyotokana na keti. Ila ile "seti" ya vikombe ina damu ya Kifaransa na Kilatini pia. Mimi nilikuwa najumlisha zote kwenye kapu moja.)

Sasa neno moja linafikaje maana 645? Fikiria harusi kubwa, unamuuliza kila mgeni wewe ni nani kwa bwana harusi. Wa kwanza ni kaka yake, wa pili shemeji wa kaka, wa tatu rafiki wa shemeji, ukifika meza ya mwisho kuna jamaa anakula pilau na hajawahi kumwona bwana harusi, lakini anamjua vizuri aliyekaa pembeni yake. "Run" iko hivyo hivyo. Bwana harusi ni miguu, mtu anakimbia. Maji nayo yanaenda kasi, basi mto una-run, bomba lina-run, pua yenye mafua ina-run, hadi nguo inayochuja rangi. Halafu mashine: jenereta imekaa chini haijasogea hata inchi lakini ina-run, hapo mwendo umeshapotea kimebaki kuendelea tu. Mashine ikienda kuna anayeiendesha, huyo naye ana-run mashine, kesho ana-run duka, keshokutwa nchi. Programu ya kompyuta imekaa meza hiyo hiyo. Mgombea urais yeye alipitia mlango mwingine, wa mashindano, ndiyo maana hata sisi tunasema mbio za urais.

Kuna wanaosema zama za mashine ndizo zilizoinenepesha "run". Inaingia akilini, ila kuhesabu maana kwenyewe ni uamuzi wa mhariri: pua na bomba ni maana moja au mbili? Mwingine angeunganisha, mwingine angetenganisha, na namba ingebadilika hapo hapo.

Sisi tuna "piga": pasi, simu, picha, kura, deki, magoti, mswaki, na hakuna aliyeumia. Ila sio mchezo ule ule, kwenye "piga pasi" mzigo wote umebebwa na pasi, "piga" imeshika tu mpini. Sasa hizo ni maana saba za "piga" au ni moja iliyopewa vibarua saba? Mimi naona moja, na najua kuna mtu hapa anajiandaa kunipiga chenga.