Mshipa wa kusikia ukiwa mwembamba: maswali ya wazazi

Mtoto alipozaliwa tuliambiwa masikio ni mazima. Mbona sasa haitiki akiitwa?

Ulizeni alipimwa kwa kipimo kipi. Kile cha haraka, cha kuweka kijiti laini sikioni, hunasa mwangwi unaotoka kwenye seli za koklea, sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti. Hakigusi mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo, kwa hiyo mtoto anaweza kukifaulu na bado asisikie. Kinachofika kwenye mshipa ni ABR: vibandiko kichwani, mtoto amelala, mashine inasoma mawimbi. Aliyelazwa kwa manjano kali afanyiwe ABR, hata kama cha kwanza amefaulu.

Daktari anajuaje kuwa mshipa ni mdogo?

Kwa kuulinganisha na jirani yake kwenye picha. Mshipa wa kusikia una nyuzi kama 30,000 na unene wa milimita moja hivi. Unapita kwenye mfereji wa mfupa pamoja na mshipa wa uso na miwili ya kuweka mwili sawa. Kwa kawaida hulingana na ule wa uso au kuuzidi unene. Ukiwa mwembamba kuliko huo, una kasoro, na wapo watoto ambao hauonekani kabisa.

Picha ya CT, ile ya eksirei ya vipande, haitoshi?

Haitoshi. CT inaonyesha mfupa, na mfereji unaweza kuwa na upana wa kawaida huku mshipa haumo. Inahitajika MRI, picha ya sumaku, tena si ile ya jumla ya ubongo, maana vipande vyake ni vinene na mshipa huu hupitwa. Kabla hamjatoka Rombo au Karatu kuja mjini na mtoto aliyefungishwa kula kwa ajili ya dawa ya usingizi, someni fomu: iandikwe wazi kuwa ni MRI ya mifereji ya masikio ya ndani, vipande vyembamba.

Kadiri unavyokuwa mwembamba ndivyo uziwi unavyozidi?

Si lazima. Wapo wenye mshipa ambao MRI haiuoni, lakini wanasikia kidogo, kwa sababu nyuzi chache sana hazionekani kwenye picha. Kwa mtu mzima aliyekaa kiziwi miaka mingi, wembamba unaweza kuwa matokeo: seli za koklea zikifa, nyuzi nazo hunyauka taratibu. Picha bila vipimo vya usikivu ni nusu ya jibu.

Kifaa gani kitamsaidia?

Shimesikio huongeza sauti tu. Nyuzi zikiwa chache, mtoto atasikia kelele bila kushika maneno. Kipandikizi cha koklea, ambacho Muhimbili walianza kukiweka 2017, hupeleka umeme kwenye mshipa huohuo, kwa hiyo ukiwa mwembamba matokeo huwa hafifu na hayatabiriki. Lugha ya alama ianze mapema, msisubiri majibu ya upasuaji.

Na kama ni sikio moja tu?

Kasoro hii hupatikana sana kwa watoto waliozaliwa viziwi upande mmoja. Lililobaki lilindeni: likitoa usaha, kliniki siku hiyohiyo. Darasani akae mbele, sikio zima likimwelekea mwalimu.