Kwa Nini Pikapu ya Zamani Huchemsha: Utunzaji wa Mfumo wa Kupoza Injini

Pikapu za dizeli za zamani, hasa Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, bado zinabeba sehemu kubwa ya mizigo ya vijijini nchini Tanzania, kuanzia viazi na mbao za Nyanda za Juu Kusini hadi saruji na mabati yanayopelekwa kwenye miji midogo. Injini hizi hudumu kwa miaka mingi zikitunzwa, lakini hazivumilii joto lililopita kiasi. Karibu theluthi moja ya nishati iliyomo katika mafuta yanayochomwa huingia kwenye maji ya kupozea, na maji hayo yasipoweza kuitoa nje kupitia rejeta, kifaa cha mbele kinachopoza maji kwa hewa, silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) hupinda au hupasuka, gasketi inayoiziba huungua, na mwenye gari hujikuta akigharamia matengenezo makubwa ambayo chanzo chake kilikuwa kifaa cha bei ndogo. Gari kuchemsha ni dalili tu. Anayeongeza maji na kuendelea na safari bila kutafuta chanzo hajatengeneza kitu.

Kifaa kinachopuuzwa kuliko vyote ni mfuniko wa rejeta. Wengi huuona kama kizibo cha kuzuia maji yasimwagike, ilhali kazi yake hasa ni kushikilia shinikizo ndani ya mfumo. Mfuniko ulioandikwa 0.9 hushikilia shinikizo la takriban baa 0.9 juu ya lile la hewa ya nje, na kwa shinikizo hilo maji yaliyo usawa wa bahari hayachemki mpaka yafike nyuzi 118 hivi za Selsiasi badala ya 100. Tofauti hiyo ni muhimu zaidi kwa magari yanayopanda nyanda za juu, kwa sababu kadiri mwinuko unavyoongezeka ndivyo maji yanavyochemka mapema. Mjini Iringa, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, maji yaliyo wazi huchemka yanapokaribia nyuzi 95, joto ambalo injini yenye mzigo hulifikia kwa urahisi. Kwa hiyo dereva anayepanda mlima Kitonga kuelekea Iringa akiwa na tani moja nyuma na mfuniko uliolegea springi au uliokatika mpira atachemsha hata kama rejeta na pampu ni nzima. Mfuniko ukaguliwe mpira na springi yake, na unapobadilishwa uwekwe wenye namba iliyopendekezwa na mtengenezaji wa gari, wala si ule wa namba kubwa zaidi, kwa kuwa shinikizo lililozidi hupasua mipira ya kupitishia maji na viungo vya rejeta iliyokwisha kuchoka.

Jambo la pili ni themostati, na hapa ninaomba msomaji atulie, kwa sababu mazoea ya kuing'oa yameharibu injini nyingi. Themostati ni mlango unaofunguka kwa joto: injini ikiwa baridi huwa imefungwa ili maji yazunguke ndani ya injini peke yake, na katika aina nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi na kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Injini ya dizeli inayofanya kazi bila kupata joto lake haichomi mafuta vizuri; hutoa moshi, hula mafuta zaidi, na silinda zake huchakaa haraka. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi themostati ina kisahani cha chini ambacho huziba njia ya mkato pale mlango wa juu unapofunguka. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ndiyo maana gari lililotolewa themostati ili lisichemshe huendelea kuchemsha linapopanda mlima. Kuipima ni rahisi: itumbukize ndani ya sufuria ya maji, yapashe moto polepole, na uangalie kama inafunguka kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunua nyingine.

Maji yenyewe pia yana maneno. Maji ya kisima katika maeneo mengi, kwa mfano Dodoma, yana chumvi na madini mengi yanayoganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta na kuta za injini, na ukoko huo huzuia joto lisitoke. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea chenye dawa za kulinda injini, inapochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, huzuia kutu, hulinda aluminiamu na huongeza nyuzi kadhaa katika kiwango cha kuchemka. Wanaosema kwamba kulanti ni ya nchi za barafu tu husahau kazi hiyo ya kuzuia kutu. Dawa hizo huisha nguvu, hivyo kulanti ya kawaida ibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Rangi si kipimo cha aina, kwa hiyo usichanganye mbili usizozijua. Anayenunua maji kwenye duka la betri ahakikishe amepewa maji yasiyo na asidi, na aliye mbali na maduka ni afadhali atumie maji safi ya mvua kuliko ya kisima. Kulanti ina utamu na ni sumu inayoua, kwa hiyo isiachwe kwenye chupa ya soda wala kumwagwa mahali ambapo watoto au mifugo hufika.

Rejeta ioshwe kwa nje kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa maji yasiyo na msukumo mkali, ili matope, mbegu za nyasi na wadudu watoke walikoingilia na mapezi yake membamba yasilale. Kava linalozunguka feni lisitupwe baada ya kuvunjika, kwa kuwa bila hilo feni huzungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta. Klachi ya feni, kiungo kinachoishikisha feni izungushwe na injini, nayo ipimwe injini ikiwa ya moto na imezimwa: feni ikizunguka kwa wepesi sana ukiisukuma kwa mkono, klachi imekwisha. Mikanda, mipira ya maji iliyovimba au kuwa laini, na kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ya maji vikaguliwe kila unapobadilisha oili. Kitundu hicho kikidondosha maji, pampu inakaribia kufa. Kuziba uvujaji kwa yai au bizari huziba pia vile vijia vilivyokuwa vizima.

Gari likichemsha njiani, zima kiyoyozi, fungulia hita kwa nguvu zote ili itoe sehemu ya joto, kisha simama mahali salama. Usitegemee geji peke yake, kwa sababu maji yakiisha kabisa kitambuzi cha joto hubaki kwenye mvuke na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Usifungue mfuniko mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua; mvuke unaotoka hapo umewaunguza watu vibaya usoni na mikononi. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, maana hedi hupasuka.

Baada ya tukio hilo, ikague injini kabla ya kuipa mzigo tena. Mapovu yanayoendelea kutoka kwenye rejeta injini ikiunguruma, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, au mipira ya maji inayokuwa migumu mara tu baada ya kuwasha injini baridi ni ishara za gasketi au hedi iliyopasuka. Fundi akifungua hedi, mwombe aipime unyoofu kwa rula ya chuma na aipeleke karakana kupimwa nyufa kwa shinikizo kabla ya kufunga gasketi mpya. Akimaliza, mfumo ujazwe polepole pua ya gari ikiwa imeinuka na hita ikiwa wazi, injini iungurume mfuniko ukiwa nje mpaka themostati ifunguke na hewa itoke yote, na kiwango cha maji kiangaliwe tena asubuhi inayofuata kabla ya kuwasha.